Mkwe Aliyetumwa Stesheni

Kazi yangu, kwa miaka yote niliyoifanya, ilikuwa kukaa katikati ya watu wasiotaka kuonana. Nilianza kama katibu wa tatu katika ubalozi wetu kwenye mji mmoja wa baridi ambako hakuna aliyewahi kuisikia Likasi, nikapanda taratibu, kisha nikarudishwa Kinshasa kuwa mshauri wa mambo ya nje. Watu wakisikia mshauri wanafikiri ni mtu wa kuwanong'oneza wakubwa sikioni. Mimi mara nyingi nilikuwa natembea koridoni. Wajumbe wa upande huu wamekaa chumba cha kushoto, wa upande ule chumba cha kulia, hawataki kukutana hata kwa chai, na mimi nakwenda na kurudi na maneno yao mdomoni, nikiyapunguza makali njiani. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, na sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu.

Nilikuwa nimeizoea tangu nyumbani. Kule Likasi, mji wetu wa migodi, mama yangu na mume wa mdogo wangu walikaa mitaa miwili tu mbali, wakapendana kwa dhati, na hawakuwahi kutazamana usoni hata siku moja. Sisi ni watu wa asili ya Kasai, mkoa mwingine wa mbali. Babu aliletwa na kampuni ya mgodi akiwa kijana, mama akazaliwa Likasi katika kambi ya wafanyakazi, na Kasai yenyewe aliijua kwa kusimuliwa. Lakini mila ya ukwe aliishika kuliko waliobaki huko. Katika ukoo wetu mkwe mume hamtazami mama mkwe, hasemi naye, hali naye, halali chini ya paa analolala yeye, mpaka siku ukoo utakapomfungulia macho. Siku hiyo huchinjwa mbuzi, mama hukalishwa kitini, na mzaliwa wa kwanza humshika mkwe mkono akampeleka mbele yake. Mzaliwa wa kwanza ni mimi. Kila mwaka sherehe ilipangwa, na kila mwaka likizo yangu ilikutana na mkutano fulani wa mawaziri, na mbuzi wetu akaliwa Krismasi bila sherehe.

Shemeji yangu hakuwa wa Kasai. Watu wake ni wenyeji wa hapo, na yeye alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, mtu mrefu, mpole, mwenye kucheka peke yake. Alipomwoa mdogo wangu alijifunza mila zetu akazizidisha. Akiwa sokoni, akimwona mama yeyote wa makamo anakuja, anaacha njia na kwenda kusimama nyuma ya vibanda, maana huenda ndiye. Wenzake walimcheka sana. Niliwahi kumwuliza kama hachoki.

"Minye sijue sura yake, yaya," aliniambia; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Najua sauti. Anakohoa ku mulango ya mbele, minye natoka kwa mulango ya nyuma."

Basi mimi, kila nilipokuja likizo fupi, nilikuwa balozi wao. Mama anauliza kwa nini paa la jikoni halijatengenezwa, napeleka. Shemeji anajibu kwamba mabati yatakuja Jumamosi, naleta. Tulikuwa tunacheka hata machozi.

Kisha ikaja ile miaka ya mwanzo wa tisini. Kiwanda kilianza kulala, mishahara ikawa haifiki, na mtu akikosa chakula anatafuta wa kumlaumu. Mimi nikiwa Kinshasa nilikuwa nasoma kila asubuhi taarifa za nchi nyingine, nani anamfukuza nani, nani amefunga mpaka, na ninaandika ushauri. Siku moja mdogo wangu alinipigia simu kutoka parokia. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mtaani wanasema watu wa Kasai warudi kwao, na kwamba vijana wanapita nyumba hadi nyumba. Nilimwambia atulie, ni maneno ya redioni. Yeye akasema, "Yaya, kuya umutoshe mama," yaani nije nimwondoe mama. Nikaja.

Nilifika Likasi na pasipoti ya kidiplomasia mkobani, nikijiona sigusiki. Jambo la kwanza lilikuwa rahisi, nilidhani. Nyumba ya shemeji ilikuwa salama kwa sababu yeye ni mwenyeji na vijana walimheshimu. Mama ahamie huko mpaka ghasia zipite. Shemeji alikubali kabla sijamaliza sentensi.

"Umuambie mama nyumba ni yake. Minye nitalala kwa kaka yangu."

Nikapeleka. Mama alikuwa uani anachambua sombe, yale majani ya muhogo, na hakuinua kichwa.

"Nimufukuze muntu mu nyumba yake ju ya miye? Minye banataka kunifukuza, na minye nifukuze mwingine? Hapana, mwanangu. Niko na haya."

Nikarudi kwa shemeji, nikaja tena kwa mama, nikaenda tena. Nilijaribu kila ujanja niliolipwa mshahara kwa ajili yake. Nilipendekeza ukuta wa mabati katikati ya nyumba. Nilipendekeza mama alale jikoni, ambako kwa hesabu yangu hapakuwa chini ya paa lile lile. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto anayekudanganya kwamba ameshaoga. Nilikasirika nikamwambia mila haimzuii mtu panga. Akaniambia niache kelele, majirani watasikia.

Kesho yake nilikwenda mjini kumwona mkubwa mmoja niliyewahi kukaa naye meza moja katika mkutano. Alinipokea vizuri, akaniuliza habari za Ulaya, na kuhusu mama yangu akasema hali ni ngumu. Nilirudi kwa miguu. Nilipofika nyumbani nikasikia mtu anatwanga uani, nikafurahi, nikajua mama yupo.

Aliyekuwa anatwanga ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Kinu ni cha mama, mchi ni wa mama. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi na watoto wake walikuwa wanatoka na kuingia. Mama ndiye aliyemzalisha mwanamke huyu watoto wake wawili, wa mwisho akapewa jina la mama. Aliniona, akafuta mikono, akasema kwa upole kabisa:

"Karibu, ikala. Mama yako alienda ku gare na benzake. Njo vile, kila muntu anarudia kwabo."

"Kwabo wapi?" nikamwuliza. "Mama alizaliwa hapa."

"Minye najua? Njo banasema."

Akanisogezea kiti. Kilikuwa kiti cha mama. Nilikuwa nimepigwa na butwaa kiasi kwamba nilikaa, na kwa kuwa miaka ya ubalozi ilinifundisha kushukuru kila ninapokaribishwa, nikausikia mdomo wangu ukisema asante. Mpaka leo asante hiyo inanichoma. Laiti ningempiga kofi.

Stesheni, hiyo gare aliyoisema, nilikuta lango limefungwa kwa mnyororo na vijana wanalilinda. Ndani, kwenye jukwaa la kupandia na juu ya reli zenyewe, walikuwa wamekaa watu niliowajua maisha yangu yote. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa amekalia sanduku, amevaa tai. Kulikuwa na cherehani, milango ya nyumba iliyong'olewa, picha za harusi zilizofunikwa kwa nailoni, na mvua ilikuwa inawanyeshea wote. Niliwahi kuona watu wa namna hii katika nchi za wengine, nikiwa ndani ya gari lenye bendera, nikahesabu mahema na kuandika taarifa. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa hivyo na tai shingoni.

Nikatoa pasipoti yangu. Kijana mmoja aliigeuza huku na huku.

"Mama, hii ni ya kwenda Ulaya. Hapa ni Likasi." Akasoma jina langu la Kikasai, akacheka kidogo. "Jina yako nayo iko ya ku treni. Ukiingia, hautatoka tena. Na ukileta kelele, tutakupeleka Buluo."

Buluo ni gereza letu. Kijana yule alikuwa na umri wa kuwa mwanangu, na aliniambia hivyo bila hasira yoyote. Alisema pia kwamba treni ya kuwapeleka Kasai ingekuja kesho yake. Watu waliokwisha kusafiri nayo tulikuwa tumesikia habari zao: siku nyingi ndani ya mabehewa ya mizigo, bila maji, wazee wanashushwa njiani wakiwa maiti. Mama yangu alikuwa na moyo mbovu. Nilijua kabisa, nikiwa nimeshika mnyororo ule, kwamba akipanda hafiki.

Nilikuwa na usiku mmoja wa kumtoa, na mtu mmoja tu wa nyumbani angeweza kuingia na kutoka. Mdogo wangu alikuwa mjamzito na alikuwa wa Kasai kama mimi. Shemeji alikuwa mwenyeji, na mkubwa wa wale vijana wa langoni alikuwa amefanya naye kazi kiwandani. Alikwenda kuzungumza naye, akarudi amekubaliwa kumtoa mama mkwe wake, mtu mmoja, asubuhi, bila kelele.

"Lakini yaya, nitamujua namna gani?"

Nilikwisha kufikiria. Nilikaa nikapanga kila kitu kama ninavyopanga ziara ya rais wa nchi, na nakiri nilijivunia. Mama alikuwa na kitenge cha kijani chenye ndege weupe, asichoachana nacho popote; nilimletea kutoka kituo changu cha kwanza, na Likasi nzima hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Angekivaa, na kanga ya juu angejifunika kichwa na uso. Shemeji angetafuta ndege weupe, asitazame uso, asimame mbele yake na kumpa mgongo. Kisha angetembea, na mama angemfuata kwa nyuma mpaka nyumbani kwa dada yake shemeji, ambako hakuna ukwe wa kuvunjwa. Hakuna kutazamana, hakuna neno, heshima ya kila mtu imebaki. Sista wa parokia, aliyekuwa akiwapelekea uji, alichukua ujumbe wangu jioni ile. Alirudi na jibu la mama. Mama alisema, "Nimesikia."

Katika kazi yangu, mtu akikujibu kwamba amesikia, unajua hujapata kitu. Ningekuwa koridoni ningerudi mara moja kuuliza zaidi. Lakini huyu alikuwa mama yangu, na nilikuwa nimechoka, nikachukulia kwamba amekubali.

Asubuhi shemeji aliondoka amevaa shati lake la kanisani. Mimi na mdogo wangu tulikaa kwa dada yake tukisubiri. Umeme wa bwawa la Koni ulikuwa umekatika tangu jana, tukachemsha maji kwa makaa ili mama akute ya kuoga. Mdogo wangu alikuwa amepika bukari, ugali wetu, mapema mno, ikapoa, akaipika tena. Kisha tukamwona shemeji anatokea mwisho wa barabara, anatembea polepole, shingo imekazwa, hatazami nyuma. Hatua chache nyuma yake anakuja mama, kichwa kimefunikwa, ndege weupe wanapepea kiunoni. Nilishika mkono wa mdogo wangu. Nililia pale pale kwa furaha, mimi ambaye hata kwenye mazishi ya baba nilijikaza.

Shemeji aliingia uani, akapita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba kama ilivyopangwa. Nikamkimbilia mama, nikamkumbatia. Mwili ulikuwa mzito kuliko wake, na ulikuwa unanuka moshi na maziwa yaliyoganda. Nikaitoa ile kanga kichwani.

Sikumjua. Alikuwa mwanamke wa rika la mama, mwenye uso wa duara. Mdogo wangu alisema, "Huyu nani?"

"Mama yenu aliniambia nisiseme neno mupaka nifike," yule mwanamke akasema. "Alisema mukwe wake atatembea mbele, minye nifwate. Alinivalisha yeye mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Alibakia."

Nilimshika mabega nikamtikisa. Nilimwita mwizi. Nilimwambia avue kitenge cha mama yangu, na sijui ningefanya nini kingine kama mdogo wangu asingenivuta. Yule mwanamke aliinua tu kitenge kidogo atuonyeshe miguu yake, iliyovimba mpaka magoti, ngozi inang'aa.

"Nilitoka Kakanda, bwana yangu alikufa kule," akasema. "Mama yenu aliangalia hii miguu, akasema haitafika Kasai. Nikamuambia minye hapa Likasi sina muntu, nani atanitosha. Akasema, sasa uko na batoto babili."

Shemeji alikuwa amerudi kutoka nyuma ya nyumba. Alimtazama yule mwanamke, kisha akatutazama sisi, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia amkimbie kama mkwe, akaelewa kwamba si mama. Alikaa chini udongoni na shati lake la kanisani. Nilimfokea. Nilimwuliza amechukuaje mtu asiyemjua, swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza, maana mimi ndiye niliyempangia asitazame.

"Kulikuwa bantu mingi, yaya. Nilikuta mama moya amekaa karibu na bomba ya maji. Nikamuuliza, mama, haukuona mama wa kikwembe ya ndege? Akanionyesha na kidevu. Nikaenda, nikaona ndege, nikageuka mugongo."

Sikumsikiliza zaidi. Nilikimbia. Nilikuwa na viatu vya ofisini, nikavitupa njiani, nikakimbia peku kwenye matope mbele ya watu waliojua mimi ni mtu mkubwa wa Kinshasa. Nilikuwa tayari kuingia ndani na kutotoka. Nilipofika langoni mnyororo ulikuwa umefunguliwa na hakuna aliyelinda kitu. Jukwaani kulikuwa na masufuria, na kiatu, na bomba la maji lilikuwa linatiririka hakuna aliyelifunga. Treni ilikuwa imeondoka. Yule kijana wa jana alikuwa amekaa juu ya sanduku la mwalimu wangu, anakula ndizi, na akanisalimia.

Nilirudi Kinshasa kwa sababu sikujua pa kwenda kwingine. Nilitembea tena koridoni. Nilikaa kwenye vikao ambako watu wanabishana asubuhi nzima kama meza iwe ya duara au ya mraba, nikawa nawatazama midomo yao inavyosogea. Mkubwa wangu mmoja alinipa pole kwa yanayotokea kwenu, akasema hivyo, kwenu, na nikatoka nje kabla sijamtukana.

Habari zilikuja kupitia parokia. Moyo wa mama ulisimama njiani, siku ya pili ya safari, na watu wa behewa lake wakamzika kando ya reli kabla treni haijaanza tena. Mwalimu wangu wa hesabu ndiye aliyeongoza sala. Nilishtuka kana kwamba sikulijua tangu pale langoni.

Matanga yalifanyika nyumbani kwa shemeji. Ndugu zetu wengi walikuwa wameondoka, kwa hiyo waliokuja walikuwa watu wa upande wake, na masista, na yule mama wa Kakanda, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kupona na ambaye mdogo wangu alikuwa amemfanya wa nyumbani. Sikuwa nimemsamehe. Alikuwa anapika sombe kwa namna ya mama, na hilo nalo lilinikera.

Sebuleni tuliweka picha ya mama mezani. Ilipigwa studio ya mjini siku nilipopata kituo changu cha kwanza, amekaa wima, anajizuia asicheke. Shemeji aliingia na kutoka siku nzima ameinamisha kichwa, anapita ukutani ili asiione. Jioni, shangazi yake mzee aliniambia kwamba inatosha, kifo kimeshamfungulia macho, hakuna mbuzi wala nini. Mzaliwa wa kwanza afanye kazi yake.

Kwa hiyo nilisimama, nikamshika shemeji mkono mbele ya watu wote, nikampeleka. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nilimwambia, "Mama mkwe wako ni huyu," na yeye akainua macho polepole, kwa woga, kama mtu anayeingia kanisani amechelewa.

Alitazama. Akatazama tena. Kisha akautoa mkono wake mkononi mwangu.

"Yaya," akasema, "ni huyu njo nilimuuliza. Ku bomba. Ni yeye alinionyesha na kidevu."

Yule mama wa Kakanda aliweka chini sufuria aliyoshika. Katika maswali yote ya dunia nilikuwa na moja tu.

"Na yeye alikuangalia?"

"Aliniangalia mu macho, yaya. Aliniangalia sana, mupaka minye nikasikia haya, nikasema asante mama, nikapita."